Barua kwa Wazazi na Walezi: Aljebra na Daftari la Mazoezi

Ofisi ya Mkuu wa Shule

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA KAZI YA LIKIZO YA HISABATI

Ndugu mzazi/mlezi,

Salamu kutoka shuleni. Muhula umekwisha salama. Ndani ya bahasha hii mtakuta ripoti ya mwanafunzi na karatasi za kazi ya likizo. Habari za chakula cha mchana, sare na tarehe ya kufungua shule zimeandikwa nyuma ya ripoti, kwa hiyo sitazirudia. Barua hii ni ya jambo moja tu, nalo ni aljebra, yaani hesabu ambazo herufi inasimama mahali pa namba tusiyoijua.

Nimelichagua jambo hilo kwa sababu ndipo watoto wetu wengi wanapoachana na Hisabati. Mtoto anatoka shule ya msingi akijua kujumlisha na kuzidisha, tena amejifunza kwa Kiswahili. Anaingia Kidato cha Kwanza, maswali yamegeuka kuwa ya Kiingereza, na katikati ya namba zimekaa herufi. Asiposhika hapo, Kidato cha Pili anakutana na milinganyo ya kipeo cha pili, ambayo herufi imezidishwa kwa yenyewe, akiwa bado hajui kufungua mabano. Fizikia nayo inamkataa, maana kanuni zake zinataka mtu anayeweza kuhamisha herufi kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kidato cha Pili wana Upimaji wa Kitaifa mwishoni mwa mwaka, na muda uliobaki ni mfupi.

Naomba nioneshe tatizo lenyewe lilivyo. Katika mtihani wa muhula huu lilikuwapo swali hili:

5 − 2(x − 3) = 1

Wapo walioanza kwa kutoa 2 kwenye 5, wakapata 3, wakaendelea na 3(x − 3). Hao wamesahau MAGAZIJUTO, ambayo nadhani hata ninyi mliikariri: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ile 2 imeshikamana na mabano kwa kuzidisha, kwa hiyo haiguswi na kutoa mpaka kuzidisha kuishe. Wengine walizidisha vizuri lakini wakaandika 5 − 2x − 6. Walisahau kwamba hasi ikizidisha hasi inaleta chanya. Inayotakiwa ni 5 − 2x + 6, yaani 11 − 2x, na hapo x inakuwa 5.

Linaloniuma ni kwamba mwanafunzi angeweza kujigundua mwenyewe kabla ya kukusanya karatasi. Aliyeandika 5 − 2x − 6 akapata x = −1 angeirudisha ile −1 kwenye swali, angeona upande wa kushoto unatoa 13 wakati upande wa kulia ni 1. Mlinganyo ni kama mizani ya dukani: pande zote mbili lazima zilale sawa, na ukiongeza au kupunguza upande mmoja, fanya hivyo hivyo upande wa pili. Aliyepata 5 akiirudisha anapata 5 − 2(2), ambayo ni 1. Dakika moja tu. Ni wachache waliofanya hivyo, kwa kuwa wengi wamezoea kwamba ukweli wa jibu anao mwalimu.

MAGAZIJUTO yenyewe ina mtego mmoja ambao tumekuwa tukiwatahadharisha watoto darasani. Kwa kuwa JU inatangulia TO, watoto wanadhani kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Wakikutana na 8x − 3x + 2x wanajumlisha kwanza 3x na 2x, kisha wanatoa, wanapata 3x. Jibu ni 7x, maana kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa na hufanywa kwa kufuata mpangilio kutoka kushoto. Vivyo hivyo kwa kugawanya na kuzidisha. Mzazi aliyefundishwa vingine asishangae mtoto akimwambia hivi, ndivyo ilivyo.

Kuanzia muhula huu walimu wa Hisabati wamebadili namna ya kutoa mazoezi. Zamani mada ikiisha lilikuwa linatolewa zoezi moja refu la maswali yanayofanana, mwanafunzi anafuata njia ile ile hadi mwisho bila kufikiri, na baada ya wiki tatu amesahau. Sasa kila siku ya kipindi yanatolewa maswali matano. Swali la kwanza mwalimu amelifanya lote, hatua kwa hatua, ili mwanafunzi alisome na kulielewa. La pili limefanywa nusu. Mawili yanayofuata ni yake mwenyewe, na la mwisho linatoka kwenye mada ya nyuma: sehemu, namba hasi au asilimia. Watoto wamelalamika sana juu ya hilo la mwisho, na tutaendelea nalo. Makosa mengi tunayoyaita ya aljebra, ukiyachimba chini, ni ya sehemu na ya namba hasi.

Tena tunasahihisha hatua. Jibu lililoandikwa peke yake, hata likiwa sahihi, halipati alama zote. Daftari likirudi na makosa, mwanafunzi anatakiwa aandike masahihisho chini ya swali lile lile, kwa mkono wake, na aseme kwa sentensi moja alikosea wapi. Hapa ndipo ninapowahitaji sana nyumbani.

Wazazi wengi huniambia, "Mwalimu, mimi Hisabati sikusoma, nitamsaidiaje?" Nawaelewa. Lakini sikuombi ukokotoe. Fungua daftari lake mara mbili kwa wiki. Tazama kama penye alama ya kosa pana masahihisho. Kama hakuna, muulize. Kisha chagua swali lolote alilolipata, mwambie, "Nieleze ulivyofika hapa." Akueleze kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote mnayoongea nyumbani. Kiingereza cha mtihani kitakuja. Kwanza aelewe anachofanya. Mtoto aliyelielewa swali anaweza kumweleza bibi yake. Aliyeangalizia kwa mwenzake atababaika kwenye hatua ya pili, na wewe utaona bila kujua aljebra hata kidogo.

Na tafadhali, tusiseme mbele yao kwamba Hisabati ni ya watu fulani, au kwamba ukoo wetu hauna kichwa cha hesabu, au kwamba wasichana haiwafai. Wanayabeba maneno hayo mpaka darasani, na mwalimu anatumia miezi kuyaondoa.

Wengi wenu mnafanya aljebra kila siku. Chukua mama anayeuza chakula. Wali maharage ni shilingi 1,500 na wali samaki ni shilingi 3,000. Jioni amehesabu sahani 40 zilizouzwa na fedha shilingi 75,000. Samaki walikwenda sahani ngapi? Yeye atakwambia: zingekuwa zote za maharage ningepata 60,000, zimezidi 15,000, kila sahani ya samaki inaongeza 1,500, basi samaki ni 10 na maharage ni 30. Hiyo ndiyo milinganyo miwili yenye herufi mbili tunayofundisha Kidato cha Kwanza, x + y = 40 na 1,500x + 3,000y = 75,000, ambapo x ni sahani za maharage na y ni za samaki. Al-Khwarizmi, aliyeandika juu ya aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake kwa hesabu za mirathi, jinsi ya kugawa mali ya marehemu kwa warithi. Elimu hii imekuwa ya sokoni na ya nyumbani tangu zamani. Kama una biashara, mpe mwanao hesabu zako za kweli azifanye kwa herufi. Nitafurahi kuziona kwenye daftari lake.

Sasa kazi ya likizo. Karatasi zina maswali ya kutosha matano kwa siku, siku tano kwa wiki. Naomba yafanywe hivyo hivyo. Mwanafunzi akiyarundika yote yakasubiri usiku wa kuamkia kufungua shule, atakuwa ameandika sana na kujifunza kidogo. Majibu yapo ukurasa wa mwisho, tumeyaweka makusudi. Tutakachokagua ni njia. Zipo programu za simu ambazo ukipiga picha swali zinakupa hatua zote. Sizikatazi, ila mtoto azitumie baada ya kujaribu mwenyewe, kulinganisha. Kwenye chumba cha mtihani simu haiingii.

Najua likizo ina kazi zake: shamba, maji, biashara, wadogo wa kulea. Naomba nusu saa tu, ikiwezekana asubuhi au kabla giza halijaingia, kwa wasio na umeme. Nusu saa hiyo isiwe ile ya mwisho mtoto akiwa amechoka na kusinzia. Kwa anayefikiria kumpeleka tuisheni, aangalie kwanza kama huko mtoto anafanya maswali mwenyewe au ananakili ya ubaoni. Kama ananakili, fedha hiyo afadhali inunue daftari na kalamu.

Walimu wa Hisabati watakuwapo shuleni kila Jumatano ya likizo, saa 3 hadi saa 6 asubuhi, chumba cha Kidato cha Pili. Hakuna malipo. Mwanafunzi aje na daftari na swali lililomkwamisha, akiwa ameandika alipofikia. Siku ya kufungua shule kila mmoja aje na daftari lenye sahihi ya mzazi au mlezi mwisho wa kila wiki ya kazi. Kama hakuna mtu mzima wa kusaini nyumbani, naomba nijulishwe mapema kupitia mwalimu wa darasa ili tumpangie mwalimu wa kumfuatilia.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule