Harambee ya kuezeka upya nyumba ya mwalimu wetu wa kwaya

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Tunawanyoshea mikono tena, na kwa kweli tunaona haya, maana hii ni mara ya tatu. Mlichanga mpaka mwalimu wetu akafika Chennai, India, akapandikizwa mapafu mawili ya mtu aliyefariki. Amerudi, na anapanda ngazi za kanisa bila mtungi wa oksijeni. Mungu awazidishie.

Ila nyumba yake inavuja. Mvua imepenya mabati yaliyooza, dari imelowa, na juu ya kitanda chake ukuta umeota ukungu mweusi upana wa mkeka. Sisi ukungu tunaupangusa kwa kitambaa. Yeye unaweza kumuua. Ili mwili usiyakatae mapafu mageni, anameza takrolimasi na dawa nyingine za kushusha kinga, na atazimeza maisha yake yote. Figo iliyopandikizwa hujificha ndani ya mwili. Pafu linakutana na hewa ya nje kila anapovuta pumzi. Tena mishipa ya fahamu hukatwa wakati wa upasuaji, kikohozi kikawa dhaifu, uchafu usitoke upesi. Chembe za kuvu aina ya Aspergilasi zikitua humo, hukua. Na dawa nyingi za kuitibu hupandisha takrolimasi kwenye damu, kwa hiyo hata tiba ina hatari yake. Ndiyo maana tunalia na paa.

Kwa sasa analala sebuleni kwa jirani mwema, pamoja na watoto watatu wenye mafua.

Tunahitaji shilingi 380,000 kwa mabati, mbao, dari na lipu, pamoja na valgansiklova, dawa ghali inayozuia CMV, kirusi kinachowashambulia wenye kinga iliyoshushwa. Risiti zote zitabandikwa ubaoni na hesabu itasomwa ibadani.

Tuseme ukweli wapendwa: siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege tulijaza mabasi mawili. Jumamosi iliyopita, kwenda kushusha mabati mabovu, tulifika watu saba.

Ahadi za harambee iliyopita ziko kwenye daftari la mweka hazina, na bado zinapokelewa. Atakaa mlangoni baada ya ibada zote mbili. Mwenye mafua au kikohozi, tafadhali mpe mwenzako mchango wako auwasilishe, na usiende kumjulia hali mwalimu mpaka upone kabisa.