Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fedha Zetu Zimekwenda Kwenye Bandeji

Wanachama wenzangu,

Mwaka huu karibu kila shilingi ya chama imenunua bandeji. Wapo waliouliza, katika mkutano wetu wa Kisumu, mbona hatukushona fulana wala kukodi hema tarehe 6 Machi, siku ya kuadhimisha duniani ugonjwa wetu wa limfedema, yaani kuvimba mkono au mguu kwa maji yaliyokwama. Uamuzi ule niliusukuma mimi, kwa hiyo ni haki yenu niueleze.

Kila siku maji huvuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu na kuingia katikati ya nyama. Mishipa ya limfu huyakusanya, huyapitisha kwenye tezi za limfu, kisha huyarudisha kwenye damu karibu na shingo. Tezi zikiondolewa au mishipa ikiharibika, maji hukwama pamoja na protini yake, na baada ya muda ngozi huwa nene na ngumu. Ndiyo sababu dawa za kukojoza hazitufai: maji yanapungua kidogo, protini inabaki palepale na kuyavuta tena. Mimi nilizimeza miezi mingi katika kliniki moja, mkono ulipoanza kujaa miaka mitatu baada ya kupasuliwa titi kwa saratani na kutolewa tezi za kwapani. Nilikesha nikienda chooni, na mkono ukazidi kuwa mzito. Muda ule ndio ambao uvimbe ungeshuka kwa urahisi, na kuupoteza kunaniuma hadi leo.

Si sote tuliofika hapa kwa njia ya saratani. Pwani, matende mengi hutokana na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Huku kwetu magharibi kuna podokoniosi, yaani matende yasiyotokana na minyoo: mtu hutembea pekupeku miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa volkano, kama wa miteremko ya Mlima Elgon, chembe za madini zikapenya nyayo na kuharibu mishipa ya limfu. Ugonjwa huu hauambukizi hata kidogo. Lakini wenzetu wameambiwa walikanyaga dawa waliyotegewa njiani, wengine wakaambiwa ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Mama mmoja alinieleza kwamba kanisani huketi nyuma peke yake. Viatu tangu utotoni vingemwokoa.

Uvimbe huu hauponi kabisa, ila hushuka, na hushuka sana ukiwahiwa. Mtaalamu wa fizio hukanda ngozi taratibu kuelekea penye tezi zisizoharibika, si kwa nguvu kama wanavyofanya wakandaji wa mtaani, kisha hufunga bandeji zisizovutika sana. Bandeji ya krepu ya dukani huvutika mno. Hii yetu hukaa imara, hivyo kila ukitembea misuli huibana na kuyasukuma maji juu. Uvimbe ukishatulia, unahamia soksi ya kubana, au mkono wa nguo unaobana. Najua joto la Kisumu, na najua kusimama sokoni Kibuye kutwa nzima mguu umefungwa si mchezo. Hata hivyo wanachama waliovumilia wiki za mwanzo wamevaa viatu walivyokuwa wamevisahau. Mwenye shida ya moyo au damu isiyofika vizuri mguuni apimwe kwanza, asifungwe na jirani.

Kuosha nako kusidharauliwe. Maji safi na sabuni kila siku, ukaushe vizuri katikati ya vidole, upake mafuta. Bakteria huingia kwenye ufa mdogo tu, na kila shambulio huharibu mishipa zaidi. Mguu ukiwa mwekundu, wa moto, nawe ukatetemeka kwa homa, acha kukanda, nenda hospitali siku hiyohiyo upewe antibiotiki. Usingoje asubuhi.

Mapato na matumizi yatasomwa na mweka hazina. Ada ibaki ileile.

Bandeji zifueni kwa sabuni laini, msizisokote, zianikwe kivulini, zitadumu. Zilizolegea zileteni mkutano ujao mbadilishiwe. Na ukimjua mtu aliyejificha nyumbani na mguu wake, njoo naye. Nauli yake italipwa na chama.

Mwenyekiti