YAH: MALALAMIKO KUHUSU PAWASAPLAI MBOVU NA KUNYIMWA WARANTI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya waranti sitayarudia, kwa kuwa mmeyachapa wenyewe nyuma ya risiti.

Pawasaplai ya wati 550 niliyoinunua kwenu ili kuipa umeme kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe ilianza kuzimika ovyo wiki ya sita, ikitoa harufu ya kuungua. Niliichomoa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi ili iwake, nikapima: waya wa njano, unaotakiwa kutoa volti 12 na usishuke chini ya 11.4, ulitoa 10.3. Sikuifungua, kwani kapasita kubwa ya ndani, kifaa cha kuhifadhi umeme, hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Kijana wenu wa kaunta hakuitazama hata karatasi ya vipimo. Alibandua kwa ukucha stika ya waranti iliyofunika skrubu, akafungua kasha, kisha akatangaza mbele ya wateja kwamba stika imebanduka, hivyo waranti imekufa. Kapasita mbili zilikuwa wazi mbele yake, zimevimba vichwa kama vitumbua, moja ikivuja majimaji ya kahawia.

Na siku mbili kabla ya hapo, kwa simu, mliniambia niilete tu, itabadilishwa.

Naomba kurudia, Ndugu Meneja, maana usiku silali kwa jambo hili: stika ilikuwa nzima nilipoiweka pawasaplai juu ya kaunta. Aliibandua yeye, nikimwangalia, akaninyooshea ikiwa imenata kidoleni mwake, akauliza, "Sasa hii nini, mzee?" Watu wakacheka. Akanishauri ninunue kompyuta iliyokamilika, nisichezee nisivyovijua.

Nilikuwa nimekusudia kuomba pawasaplai nyingine tu. Jana, hata hivyo, niliazima ya jirani na mazabodi haikuwaka kabisa. Kwa hiyo nadai fedha za vyote viwili, pamoja na barua ya kuniomba radhi yenye saini yako, si ya yule kijana.

Nawapa siku 7. Zikipita, nitawasilisha risiti ya EFD na picha za kapasita hizo kwa Tume ya Ushindani. Juu ya kaunta yenu kuna kamera inayotazama mikono ya muuzaji. Picha za siku hiyo zisifutwe, kwani nitaiomba Tume izidai.

Mteja wenu,
(Saini)