Bastola apewe mwenye mazoezi, sio mwenye pesa

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kidogo kwenye gazeti lako.

Hapa barazani kwetu Ngamiani mkianza tu kuongea habari za bastola lazima atokee mtu aseme Ulaya silaha ni kwenda dukani unajichagulia. Mi nna mpwa wangu yuko Finland, mji wa Tampere, analenga shabaha na klabu ya huko, nikamuuliza, na alonieleza nikaona sisi ndo tunaenda kinyume.

Kule ukienda polisi ukasema nataka bastola ya kujilinda, hupati. Kujilinda hakukubaliki kama sababu. Wengi wanaomba kwa ajili ya mchezo wa shabaha, na hapo unaambiwa haya thibitisha, uwe umetimiza miaka 20, uwe umecheza miaka miwili mfululizo (silaha unatumia za klabu, msimamizi yuko ubavuni), na karatasi asaini mkufunzi anayetambulika. Halafu kibali cha bastola ya kwanza ni cha miaka 5 tu, kikiisha unaonyesha tena kwamba bado unacheza.

Ukali huo haukuja bure. Novemba 2007 kijana aliua watu 8 shuleni Jokela, Septemba 2008 mwingine akaua 10 chuoni Kauhajoki, na wote wawili bastola zao zilikuwa na kibali halali! Huyo wa pili polisi walimhoji siku moja kabla wakamwachia na silaha yake. Sheria ikabanwa, ikaanza kazi 2011.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba watu haohao waliobanwa hivyo wanaruhusiwa kujitengenezea risasi nyumbani. Mpwa wangu akimaliza kulenga anaokota maganda yake ya shaba, anarudi nayo, ana kamashine ka mkono mezani, anang'oa fataki iliyokwisha (kile kidude kinachowasha baruti) kule kwenye kitako, analibana ganda lirudi saizi yake, anaweka fataki mpya, baruti anapima kwa mizani na ni kidogo sana, haifiki hata nusu gramu, ndo anakandamiza kichwa cha risasi juu. Akizubaa akatia baruti mara mbili kwenye ganda moja bastola inaweza kumpasukia mkononi, kwa hiyo hapo hata simu hapokei. Sababu kubwa ni gharama, maana anayelenga kila wiki anamaliza risasi nyingi, pia risasi ulizopima mwenyewe zinatoka sawasawa. Baruti ya dukani hauziwi bila kuonyesha kibali cha silaha, na unachotengeneza ni cha kwako, ukitaka kuuza hiyo ni biashara na ina leseni yake.

Sasa linganisha na mafundi wetu wa magobore huko Handeni na Kilindi, baruti ya kienyeji, kipimo jicho. Tunawakamata tukiweza, kuwafundisha hatujawahi.

Lakini hao sio wanaonikera. Wanaonikera ni wenye bastola halali hapa mjini. Juzijuzi kwenye baa moja, siitaji, jamaa kagombana na mhudumu kwa ajili ya chenji akachomoa bastola akaitua juu ya meza, watu wakatawanyika, yeye anacheka. Mtu yule ukimpa shabaha hatua kumi sidhani kama anapata hata ukingo wa karatasi. Kibali anacho kwa sababu ana maduka na anasema anaogopa majambazi, sawa, majambazi wapo kweli, siwezi kusema kama Wafini kwamba kujilinda kufutwe. Ila mafunzo je?

Ombi langu waandishi wako wakaulize polisi mkoani swali moja tu: wenye vibali vya bastola hapa Tanga, ni wangapi wamewahi kupelekwa uwanja wa shabaha wakafyatua mbele ya mkufunzi tangu wapewe hicho kibali? Jibu mkilipata lichapeni, hata kama ni sifuri.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga