Ukiinua mbele ya gari, shusha na taa

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa magari kuhusu kuinua mbele ya magari makubwa ya familia, ili yakae sawa na nyuma, nimeisoma mara mbili: kwanza kama msomaji wa kawaida, kisha kama mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kupiga alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa magurudumu. Mengi yaliyoandikwa ni kweli. Tatizo ni kwamba mwandishi aliishia pale fundi anapokaza nati ya mwisho na kushusha jeki. Magari hayo huja kwangu baada ya hapo, kwa hiyo naomba nafasi nieleze yanakujaje.

Kwanza, msomaji hakuambiwa kwa nini gari linatoka kiwandani likiwa limeinama mbele. Anaweza kudhani ni kasoro, kwamba wahandisi walisahau. Hawakusahau. Gari la aina hii limetengenezwa libebe watu saba au wanane na mabegi yao, na pengine livute trela. Nyuma imeachwa juu kwa makusudi ili siku ya mzigo ishuke na gari likae sawa. Trela ya kilo 2,500 inaweza kukandamiza ndoano ya nyuma kwa kilo 250 au zaidi, na kwa kuwa ndoano iko nyuma ya ekseli, uzito huo hupunguza pia uzito ulioko mbele. Kwa hiyo gari ulilolisawazisha likiwa tupu litachuchumaa siku hiyo, pua ikitazama mawingu. Picha mliyochapisha ni ya gari tupu limeegeshwa kwenye sakafu iliyonyooka, hata dereva hayumo. Limependeza, sikatai. Ningependa kuliona hilo hilo likiwa limejaa.

Ndiyo maana mteja akija kuniuliza kabla ya kununua chochote, namwambia achukue futi. Apime kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne. Asipimie kutoka ardhini, maana tairi likipungua upepo au sakafu ikiwa na mteremko usioonekana kwa macho, kipimo kinamdanganya. Apime gari likiwa tupu na tangi limejaa, kisha alipakie kile anachokibeba siku zote apime tena. Mara nyingi akishaona namba za pili, hamu inapoa yenyewe. Lakini kuna anayesema, "Fundi, mimi natembea peke yangu na begi la kompyuta." Huyo sina neno naye. Asawazishe.

Sasa tuje kwenye vipande vyenyewe. Makala ilisema mtu anunue spesa, kile kipande kinene cha kuongezea kimo kwenye shokapu au springi, ya unene unaolingana na kiasi anachotaka kuinua. Hapo nilishika kichwa. Kwenye mengi ya magari haya makubwa ambayo kila gurudumu la mbele linajitegemea, shokapu na springi yake havikai juu ya gurudumu. Vimefungwa katikati ya mkono wa chini, chuma kinacholishikilia gurudumu kwenye gari, karibu nusu ya njia kutoka kwenye chesisi. Kwa hiyo kinachoongezwa juu ya shokapu huonekana karibu mara mbili kwenye gurudumu. Spesa ya milimita 25 inainua gari kama milimita 50. Anayetaka milimita 50 akafunga spesa ya milimita 50 anakaribia kuinua milimita 100, na kuna sehemu kadhaa hapo chini ambazo hazitafika huko salama. Kwenye magari ya zamani yenye ekseli nzima mbele, inayounganisha magurudumu yote mawili, kama Land Cruiser 80 au Nissan Patrol Y61, hesabu ni ya moja kwa moja: unene wa spesa chini ya springi ndio kimo utakachopata. Land Cruiser 100 iliyokuja 1998, mbali na zile zenye ekseli nzima, haina hata springi ya kuzunguka mbele; ina vyuma virefu vinavyojisokota, na huinuliwa kwa kukaza boli tu. Urahisi huo wa kukaza boli umeharibu magari mengi kuliko spesa.

Kuna spesa inayokaa juu ya shokapu nzima, na kuna inayokaa ndani, ikiibana springi. Watu husema hii ya ndani "inafanya springi kuwa ngumu". Springi ni ile ile. Kilichopungua ni nafasi ya gurudumu kushuka: gari likivuka tuta, gurudumu linaning'inia, shokapu inafika mwisho wake mapema na kugonga. Ule mlio wa "ko!" ambao wenye magari huja kuulizia, wakidhani ni busha, mara nyingi ni huo. Ile ya juu nayo ina deni lake. Shokapu nzima imesogezwa chini, mkono wa chini unashuka kuliko ulivyokusudiwa, na boljointi (kiungo cha mkono na gurudumu) na sivi jointi (kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu) zinafanya kazi zikiwa zimekunjwa kupita kiasi. Na gari likizama kwenye shimo, shokapu inaweza kugota ndani kwa ndani kabla mpira wa kugotea haujaipokea.

Sihitaji kumuuliza mwenye gari kama aliinua kupita kiasi. Nikivua gurudumu naangalia upande wa ndani wa rimu. Mpira wa sivi jointi ukikaa umekunjwa siku nzima, mikunjo yake inasuguana hadi inapasuka, na grisi hurushwa kwa mzunguko. Inaacha mstari mweusi mviringo, unaong'aa, na vumbi limeshaanza kuganda juu yake. Mstari huo ukiuona, usihangaike na alaimenti kwanza, shughulikia kilichoutoa.

Kuhusu alaimenti, makala iliiandika kwa maneno mawili: "inashauriwa kupima". Haishauriwi, ni lazima. Ukiinua mbele, mikono ya juu na ya chini inabadilisha mwelekeo, matairi hayatazami tena mbele yakiwa sambamba, na yanaegemea tofauti na mwanzo. Jambo linalowasumbua madereva zaidi ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu linazungukia unapokata kona. Mwinamo huo ndio unaorudisha usukani katikati wenyewe. Ukipungua, usukani unakuwa mwepesi mno, gari linatangatanga kwenye barabara iliyonyooka, na dereva anachoka bila kujua kwa nini. Mara nyingine boli za kurekebishia zinaishia njiani kabla kipimo hakijafika panapotakiwa. Hapo inabidi kufunga mikono ya juu ya aina nyingine, iliyotengenezwa kwa gari lililoinuliwa. Mteja hapendi kusikia hivyo, kwa sababu aliambiwa spesa tu zinatosha. Na springi mpya hujilaza baada ya kutembea kidogo, kwa hiyo gari lirudi kupimwa mara ya pili.

Haya yote, Mhariri, yanamuumiza mwenye gari mwenyewe, na gari ni lake. Kilichonifanya nishike kalamu ni taa, kwa sababu hizo zinamuumiza mtu mwingine, na kwenye makala yenu hazikutajwa hata kidogo.

Chukua Land Cruiser yoyote kubwa, kuanzia 80 hadi 300 iliyotoka 2021. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,850. Ukiinua mbele milimita 50 na nyuma ukaiacha, mwili mzima wa gari umeinuka pua kwa nyuzi moja hivi. Nyuzi moja inaonekana ndogo, ila kwenye mwanga ni jambo zito. Taa za chini kwa kawaida huelekezwa zishuke kama sentimita 10 kwa kila mita 10 za mbele. Nyuzi hiyo moja inaupandisha mwanga zaidi ya sentimita 17 kwa kila mita 10. Yaani mteremko wote uliowekwa kiwandani umefutwa, na mwanga sasa unapanda sentimita 7 hivi kila mita 10.

Tuseme taa ziko kimo cha sentimita 95 kutoka ardhini. Kabla ya kuinua, mita 40 mbele ukingo wa juu wa mwanga ulikuwa kwenye sentimita 55, usawa wa bampa la gari dogo linalokuja. Baada ya kuinua, unafika kama sentimita 130. Hapo ni kioo cha mbele cha gari dogo, na nyuma ya kioo kuna macho ya mtu. Dereva wa gari kubwa hana habari. Yeye anaona barabara inang'aa hadi mbali na anafurahi. Akipigwa taa na wanaokuja, anadhani wanamwonea, kwa sababu kwenye dashibodi taa zake ni za chini kweli.

Wapo wanaojibu kwamba gari lina kile kigurudumu kidogo cha kushushia taa kando ya usukani. Kigurudumu hicho kimewekwa kwa ajili ya mzigo. Kipo kwenye sifuri gari likiwa tupu, na kinashusha tu, hakipandishi. Ukikimaliza leo kufidia spesa, siku ya safari, watu wamejaa na nyuma imeshuka, utafidia kwa nini? Kilicho sahihi ni skrubu za kurekebishia zilizo nyuma ya taa yenyewe. Kabla ya kugusa springi, gari lisimame kwenye sakafu iliyonyooka mita 10 kutoka ukutani, ukingo wa mwanga uwekewe alama ya chaki, na kimo cha taa nacho kipimwe. Baada ya kazi, gari lirudi pale pale na mwanga urudishwe kwenye alama, ukiongeza zile sentimita chache ambazo taa yenyewe imepanda. Magari yanayojirekebisha taa yenyewe yana kijiti cha kupima kimo kilichofungwa kwenye mkono wa gurudumu. Kijiti hicho kinahitaji kupewa sifuri mpya kwa mashine. Bila hivyo kompyuta inaweza kuendelea kufuata kimo ambacho hakipo tena. Kamera na rada za kufunga breki zenyewe nazo zimeangalia juu kwa kiasi kile kile, na zinahitaji kupangwa upya.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu kwenye makala ilisifiwa "pua ndefu yenye heshima". Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayochunguza usalama wa magari, ilitoa utafiti mwaka 2023 kwamba magari yenye boneti ya kimo cha zaidi ya inchi 40 yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 45 hivi, wa kumuua mtembea kwa miguu yakimgonga, ukiyalinganisha na yenye boneti fupi iliyoteremka. Mengi ya haya makubwa yapo kwenye kimo hicho kabla hata spana haijashikwa. Heshima hiyo mtoto anayepita mbele ya bampa haioni, na dereva naye hamwoni mtoto.

Sisemi watu wasisawazishe magari yao. Mwenye bampa la chuma na winchi mbele, uzito umezidi na springi za kiwandani zimelala, huyo anahitaji springi zinazofaa uzito ule, na shokapu zinazolingana nazo, kuliko spesa. Mwenye gari tupu anayetaka umbo tu, milimita 30 au 40 zinatosha kabisa, na kibaki kimo kidogo nyuma cha kupokea mzigo. Anayevuta trela kila wiki, ningemwambia aache mbele kama ilivyo.

Mwandishi wenu alisema ni kazi ya nusu siku, gari linaingia asubuhi na kutoka mchana. Kufunga spesa, ndiyo. Mimi mteja wa namna hii namwambia aje kulichukua magharibi, maana mchana wa jua kali ukingo wa mwanga hauonekani ukutani, na funguo simpi kabla hatujausoma pamoja.

Wenu,
Fundi wa alaimenti