Kaka, ile picha ya kiapo

Kaka yangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa. Watakaosoma na wasome.

Jumapili nilisimama Louvre, ile makumbusho ya Paris, mbele ya picha yetu, Kiapo cha Horatii cha mchoraji David. Ile ile uliyoikata kwenye kalenda ukaibandika sebuleni: ndugu watatu wa Roma wamenyoosha mikono wakiapa kuipigania nchi yao, baba yao kashika panga tatu juu. Kumbe ni kubwa hivyo, zaidi ya mita nne kwa upana! Ulikuwa ukiniambia, "Tazama miguu yao, hakuna anayerudi nyuma." Na penseli za rangi za kwanza ulininunulia wewe. Hilo silisahau.

Ila hukunionyesha upande wa kulia, wanawake wanaolia. Camilla, dada yao, kaposwa na mmoja wa maadui wanaokwenda kupigana nao. David alishachora mwisho wake kabla hata ya kiapo: katika mchoro wa mwaka 1781 Horatius, mmoja wa wale ndugu, anarudi mshindi, na Camilla kalala chini, kauawa na kaka yake kwa kumlilia mchumba.

Kiapo kiliagizwa na serikali ya mfalme, kikaonyeshwa Paris mwaka 1785. Baada ya miaka minne mapinduzi yakaja, na watu wakakiona ni chao: nchi kwanza, damu baadaye.

Arobaini ya baba ulitusimamisha vivyo hivyo. Shemeji asikanyage hapa mpaka kesi ya mpaka iishe, na dada akimfuata mumewe, basi naye vilevile. Tukanyoosha mikono. Dada alikuwa mlangoni na sinia la chai. Vile vikombe vilivyokuwa vikigongana, kaka, mpaka leo navisikia. Mimi nilikuwa na miaka 19, nala kwako, ada unalipa wewe. Ningekataaje? Na kila Idi nilimtumia dada pesa kwa siri. Sasa umejua.

David naye aliunga mkono mfalme auawe, mkewe Charlotte akaachana naye. Robespierre, kiongozi wa mapinduzi aliyekuwa rafiki yake, alipoanguka mwaka 1794 David akafungwa, na mke huyo huyo ndiye aliyekwenda kumtazama gerezani. Humo ndimo alimoanza kuiwaza picha nyingine ya Roma. Hersilia kasimama katikati ya vita, mikono kaitandaza, huku mumewe Romulus na mkuki, kule baba yake Tatius, mfalme wa Wasabini wanaopigana na Roma. Watoto wachanga wako chini, miguuni mwa askari. Kofia na ngao ni za Roma, lakini ilipoonyeshwa mwaka 1799, Wafaransa waliokwisha kuuana wenyewe kwa wenyewe walijua wanaambiwa wapatane.

Kando yupo mpanda farasi anayerudisha upanga wake alani. Nilimtazama muda mrefu. Ana mabega kama yako.

Tiketi nimekata, ni mwezi wa nane. Nitafikia kwa dada, na mkono niliounyoosha siku ile nitampa shemeji. Ukitaka kuniona, njoo huko. Chai ataandaa yeye.