Baba, kuhusu mjukuu wako na kazi ya visahani

Emporia, Kansas

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu pia, na wote hapo nyumbani wasalimie. Sisi huku hatujambo, wasiwasi wetu ni juu yenu tu mlio mbali na macho yetu.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana jambo hili kila tukilianza kwenye simu linaishia katikati. Uliniuliza, tena kwa uchungu: "Mtu mzima anarusha sahani, analipwa na nani?" Swali lako ni la haki. Mjukuu wako anamaliza chuo mwezi wa tano, na ni kweli anataka kuingia kwenye gofu ya visahani kama mchezaji wa kulipwa. Mimi na baba yake tumekubali. Nataka ujue tumekubali kitu gani hasa, usije ukadhani tumemwacha mtoto apotee tukimtazama.

Mchezo wenyewe kanuni zake ni za gofu. Unahesabu mitupo, mwenye mitupo michache ndiye mshindi, na uwanja kamili una mashimo 18. Ila badala ya shimo kuna nguzo ya chuma yenye kikapu, na juu ya kikapu inaning'inia minyororo ya kunasa kisahani. Kikapu hicho cha minyororo ni ubunifu wa Mmarekani Ed Headrick, aliyewahi kufanya kazi Wham-O, kampuni iliyokuwa ikiuza frisbi, yaani visahani vya plastiki vya kurusha kwa mkono. Mwaka 1975 aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu pale Oak Grove, California. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA, yeye akiwa mwanachama namba 1. Alipofariki mwaka 2002 aliacha wosia majivu yake yachanganywe kwenye plastiki ya visahani, na wosia ukatekelezwa. Najua Mama atashika kichwa akisikia hilo. Nimelitaja ili mjue watu hawa wanaushika mchezo wao kwa moyo kiasi gani.

Sasa nani analipa. Mchezaji wa ridhaa akishinda hapewi fedha, anapewa visahani na bidhaa nyingine. Wa kulipwa anatoa ada ya kushiriki kutoka mfukoni mwake. Ada hizo zinachanganywa na fedha za wadhamini, halafu wanagawiwa waliomaliza juu. Waliomaliza nusu ya chini wanaondoka mikono mitupu, na mafuta ya gari walishachoma, na chumba walishalipia. Kwa wengi zawadi za mashindano hazitoshi kuishi. Nimeliandika wazi kwa sababu hata yeye nilimwambia hivyo hivyo.

Fedha yenyewe iko kwenye plastiki. Kampuni inayotengeneza visahani inamsaini mchezaji, inapiga jina lake juu ya kisahani, na kila kinachouzwa kinamwingizia kitu kidogo. Kwa hiyo mchezaji mwenye mashabiki anaweza kumaliza nafasi ya 30 na bado akala, huku mwenzake anayemshinda hana pa kulala. Mfano mkubwa ni Paul McBeth, kijana wa Huntington Beach, California. Alitwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 2012 hadi 2015, akarudia 2019. Mwaka 2021 kampuni ya Discraft ikampa mkataba wa dola milioni 10 kwa miaka 10. Wakati wa korona watu walikuwa wamefungiwa michezo ya ndani, wakamiminika kwenye viwanja hivi vya wazi, visahani vikawa adimu madukani. Mkataba ule ulikuja juu ya wimbi hilo. Kabla yake kulikuwa na Ken Climo wa Florida, bingwa wa dunia mara 12, na enzi zake mikataba ya namna hiyo haikuwepo kabisa. Ndiyo maana namwambia mwanangu asihesabu milioni za McBeth. Asome namna McBeth anavyofanya kazi.

Hilo la kufanya kazi ndilo lililonibadilisha mimi. Mwaka ule ule wa mkataba, fainali za dunia zilichezwa Ogden, Utah. McBeth alikuwa anaongoza kwa mtupo mmoja, limebaki shimo la mwisho. Mpinzani wake James Conrad, yule mwenye nywele ndefu na ndevu, akatupa kutoka umbali wa mita 75 hivi, kisahani kikaingia moja kwa moja kwenye minyororo. Wakalingana, wakaenda shimo la nyongeza, Conrad akachukua ubingwa. Mjukuu wako aliirudia video ile mpaka mdogo wake akaficha rimoti.

Mwaka uliofuata fainali zikaja hapa hapa Emporia. Mji wetu una watu kama elfu 24 tu, katikati ya malisho ya ng'ombe, lakini kwa mchezo huu unajulikana dunia nzima. Nilikuwa zamu ya usiku, nikatoka kazini nikaenda moja kwa moja uwanjani, nikasimama naye kwenye kamba. McBeth alilingana na kijana anayeitwa Aaron Gossage, wakaingia tena kwenye mashimo ya nyongeza, jambo lile lile lililomnyang'anya taji mwaka mmoja nyuma. Baba, nilimtazama McBeth usoni. Alifuta kisahani kwa taulo, pande zote mbili, taratibu, kama vile hakuna mtu aliyesimama pale. Mamia ya watu hatukupumua. Alishinda, ubingwa wake wa sita. Upande wa wanawake alishinda Kristin Tattar, mtoto wa Estonia, nchi ndogo kule Ulaya kaskazini, na tangu siku hiyo mjukuu wako wa kike naye ana kikapu chake uani.

Narudi kwa kaka yake. Anaamka kabla sijarudi kazini. Namkuta uani anatupa kuelekea kikapu kutoka mita 10, kwa sababu ndani ya mita hizo ndipo mashindano yanapopotelea. Ukiwa ndani ya duara hilo huruhusiwi kuangukia mbele baada ya kutupa, lazima usimame imara nyuma ya alama yako. Wakati wa theluji anatia mkono mfukoni kwenye vifuko vya joto, anatoa, anatupa, anarudisha.

Na upepo anausoma kama wavuvi wa kwetu. Alinieleza siku moja akiwa amevipanga visahani kwenye zulia. Kipya kigumu, mtu wa mkono wa kulia akikirusha kwa kuanzia kifuani, mwishoni huvutia kushoto. Kikishagonga miti ya kutosha, ukingo wake unachakaa, nacho kinaanza kulalia kulia. Upepo ukija usoni unazidisha kulalia huko. Kwa hiyo ana visahani vya aina moja, rangi moja, uzito ule ule wa gramu 175, kimoja kipya, kimoja cha mwaka jana, kimoja kimekwaruzika hata maandishi hayasomeki. Kwangu vilikuwa vitu vilivyojirudia, nikataka kuvigawa. Kwake kila kimoja kina njia yake hewani.

PDGA humpa kila mchezaji kiwango kwa namba, ikipigwa hesabu ya mzunguko wako dhidi ya wenzako wa siku hiyo. Walio juu kabisa duniani wamepita 1,040. Wetu bado hajafika 1,000. Pengo hilo ni kubwa na analijua. Mabega na viwiko vya wachezaji hawa huumia, na msimu unaanza mwishoni mwa baridi mpaka mwezi wa kumi, Florida, Texas, California, wengi wao wakilala ndani ya magari ya ukubwa wa Hiace waliyoweka kitanda na jiko. Hilo ndilo linaloniumiza mimi kama mama, kuliko fedha.

Tulichokubaliana ni hiki. Shahada kwanza, na ameshaimaliza kasoro mitihani ya mwisho. Mtaji wake ni akiba ya kazi zake za likizo, hatukopi na hatuuzi kitu. Sheria ya hapa inamruhusu kubaki kwenye bima yangu ya afya mpaka afikishe miaka 26, basi huo ndio mwisho wa majaribio. Akifika hapo hajaweza kujilisha, anarudi kwenye taaluma yake. Katikati ya mashindano atafundisha watoto kwenye viwanja vya miji anayopita, kazi ambayo ameshaanza kulipwa hapa kwetu, na anafundisha vizuri. Hiyo nadhani ameirithi kwako.

Kaka anasema ulishaapa hutazungumza naye mpaka aache. Nakuomba Baba, ulegeze. Hajawahi kufanya uamuzi mkubwa bila kuuliza kwanza, "Babu atasemaje?" Mpigie Jumapili baada ya ibada. Muulize ada ya mashindano ya Texas itatoka wapi, muulize atafanya nini kiwiko kikikataa, muulize maswali magumu yote uliyokuwa ukituuliza sisi. Akibabaika, mbane. Ila usimwambie anacheza tu, maana mimi ninayeishi naye nimeona kwamba anafanya kazi.

Hela ya mabati nimemtumia kaka tangu Ijumaa.

Mwanao